Visawe na Msamiati wa Kiingereza kwa Mitihani ya Ushindani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa ndiyo yanayorudiwa zaidi na watahiniwa wa Afrika Mashariki wanaojiandaa kwa GRE (mtihani wa kuingia masomo ya juu baada ya shahada ya kwanza), SAT (wa kuingia vyuo vikuu vya Marekani), IELTS (wa kupima umahiri wa Kiingereza) na mitihani ya kitaifa ya sekondari. Kila jibu linajitegemea, na pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa, msomaji anaelekezwa kwenye namba ya swali husika. Maneno ya Kiingereza yanayojadiliwa yameandikwa kwa herufi za mlazo.

## Mambo ya msingi

1. Kisawe ni nini hasa? Je, ni neno lenye maana ileile na jingine?

Vitabu vya shule husema kwamba visawe ni maneno yenye maana sawa, na maelezo hayo yanamtosha mtoto wa darasa la tano. Kwa mtahiniwa wa mtihani wa ushindani yanapotosha. Visawe ni maneno ambayo maana zake hukutana mahali fulani na kuachana mahali pengine, na mtunzi wa mtihani hulenga pale yanapoachana.

Msemaji wa Kiswahili analijua jambo hili bila kufundishwa. Kufa, kufariki, kuaga dunia na kukata roho hueleza tukio lilelile, lakini hakuna asemaye kwamba kuku wake amefariki isipokuwa anafanya mzaha, wala tangazo la tanzia redioni halisemi kwamba mzee fulani amekufa. Kiingereza kiko vivyo hivyo. *Thrifty*, *frugal* na *stingy* yote humhusu mtu asiyetumia fedha ovyo, lakini la kwanza ni sifa, la pili ni sifa yenye ladha ya kujinyima, na la tatu ni shutuma ya ubahili. Atakayeyaandika matatu hayo kwenye mstari mmoja wa daftari, na alama ya sawasawa katikati, amejifunza kosa.

2. Kwa nini Kiingereza kina visawe vingi kiasi hicho?

Sababu kubwa ni historia. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, na kwa karne kadhaa lugha ya watawala na mahakama ikawa Kifaransa, ilhali wakulima waliendelea na Kiingereza chao. Kilatini kilikuwa lugha ya kanisa na elimu. Lugha zilipochanganyika, maneno ya zamani hayakufa, bali yaligawana kazi. Ndiyo maana kuna *ask* lenye asili ya Kiingereza cha kale, *question* lililopitia Kifaransa, na *interrogate* lililotoka Kilatini. Utatu wa *kingly*, *royal* na *regal* ni wa namna hiyohiyo.

Kwa kawaida neno fupi la asili ni la nyumbani na sokoni, na refu la Kilatini ni la ofisini. Kiswahili nacho kina tabaka za namna hii: kufa ni neno la Kibantu na kufariki lina asili ya Kiarabu, na heshima imeliangukia la pili. Mtahiniwa akilizoea jambo hili, ataanza kukisia mazingira ya neno hata kabla ya kufungua kamusi.

3. Je, mtihani wangu unauliza visawe moja kwa moja?

Inategemea mtihani, na hapa watu wengi hupoteza miezi. SAT iliondoa maswali ya vinyume mwaka 1994 na ya ulinganifu wa jozi za maneno mwaka 2005. GRE iliyaondoa yote mawili mwezi Agosti 2011. Hata hivyo, vitini vya nakala vinavyouzwa karibu na vyuo bado vimejaa mazoezi ya aina hizo, na mnunuzi hana habari kwamba anajiandaa kwa mtihani uliokwisha kuzikwa.

GRE ya leo, katika sehemu ya lugha yenye maswali 27, hupima msamiati kwa njia mbili. Ya kwanza ni kujaza nafasi moja hadi tatu katika kifungu kifupi. Ya pili ni kuchagua, kati ya maneno sita, mawili yanayoifanya sentensi iwe na maana inayofanana. Katika zote mbili hakuna alama ya nusu jibu. SAT huuliza neno ndani ya kifungu kifupi. IELTS haina swali linaloitwa la visawe, lakini swali la kusoma karibu kila mara hutumia maneno tofauti na yaliyomo kwenye makala, kwa hiyo asiyejua visawe hulipita jibu bila kuliona. Katika KCSE, mtihani wa Kenya wa kumaliza sekondari, karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina kifungu chenye nafasi 10 za kujaza, na nyingi hudai kihusishi, kiunganishi au neno lililozoeleka kuandamana na lililo jirani yake.

Tahadhari moja kuhusu video za bure mtandaoni: nyingi hutengenezwa India, ambako mitihani ya ajira za serikali bado huuliza visawe, vinyume na neno moja la kuwakilisha maelezo marefu. Ni nzuri kwa kupanua msamiati, lakini umbo la maswali yake si la GRE wala IELTS.

4. Ninahitaji kujua maneno mangapi?

Watafiti huhesabu kwa familia, yaani neno pamoja na yanayozaliwa nalo. *Derive*, *derivation* na *derivative* huhesabiwa kuwa familia moja. Mtaalamu wa msamiati Paul Nation, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2006, alikadiria kwamba kusoma maandishi ya kawaida ya Kiingereza bila msaada kunahitaji familia kati ya 8,000 na 9,000.

Namba hiyo isimtishe mtu, kwa sababu familia hazina uzito sawa. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand alitoa orodha ya familia 570 za maneno ya kitaaluma, baada ya kuondoa maneno 2,000 ya kawaida kabisa, na familia hizo chache zilichukua takriban asilimia 10 ya maneno yote katika maandishi ya kitaaluma aliyoyachunguza. Humo mna maneno kama *analyse*, *significant* na *assume*. Anayejiandaa kwa IELTS aanzie hapo. Anayejiandaa kwa GRE aimalize orodha hiyo kwanza, ndipo aende kwenye maneno adimu kama *laconic* na *obdurate*. Nimewaona wengi wanaolijua *obdurate* na kushindwa kulitumia *assume*.

## Namna ya kujifunza

5. Je, nikariri orodha za visawe?

Orodha si mbaya kama mlango wa kuingilia. Ubaya wake ni kwamba humwonyesha mtu maneno yanayofanana na kumficha yanapotofautiana. Mwanafunzi aliyekariri kwamba *big*, *large*, *great* na *grand* ni visawe ataandika *a large mistake*, na mtahini atalishangaa, kwa sababu Kiingereza kimezoea *a big mistake*.

Jambo hili la maneno kuzoeana ndilo zito kuliko yote, na Kiswahili kinalionyesha vizuri. Sisi hupiga simu, hupiga picha, hupiga pasi, hupiga mswaki na hupiga kelele. Mgeni aliyejifunza kwamba kupiga ni kama kugonga hataelewa simu imekosa nini. Kiingereza katika mifano hiyohiyo kinatumia *make* kwa simu, *take* kwa picha, na *brush* kwa meno. Mvua yetu ni kubwa, yao ni nzito, *heavy rain*. Usingizi wetu ni mzito, wao hupenda kuuita wa kina, *deep sleep*. Hakuna kanuni ya kukokotoa mambo haya, kwa hiyo neno lijifunzwe pamoja na jirani zake. Badala ya kuandika *commit* peke yake, andika *commit a crime*.

Kuna jambo jingine ambalo orodha hulificha: kuyasoma maneno yanayofanana sana siku moja huyafanya yagongane kichwani. *Adverse* (lenye kudhuru) na *averse* (asiyependa jambo) wakianza pamoja, huchanganyika kwa miezi. Jifunze moja, likae, kisha umlete mwenzake wiki inayofuata kwa ajili ya kulinganisha.

6. Kadi ya neno iwe na nini?

Upande wa kwanza uandike sentensi yenye nafasi wazi badala ya neno tupu. Upande wa pili uandike neno, aina yake, jirani zake wawili, na kisawe kimoja pamoja na tofauti yake kwa Kiswahili chepesi. Kwa mfano, nyuma ya kadi ya *meticulous* panaweza kusomeka hivi: kivumishi, *meticulous records*, *meticulous planning*, linakaribiana na *careful*, lakini hili ni uangalifu wa kuchungulia kila kitu kidogo, nalo kwa kawaida husifu.

Sentensi iwe yako mwenyewe, ikihusu mtu au mahali unapopajua. Mhasibu wa chama cha kuweka na kukopa asiyepoteza hata risiti ya shilingi mia tano atalishikilia neno *meticulous* kichwani vizuri kuliko mfano wa kamusi.

7. Najifunza maneno 50 kwa siku, lakini baada ya wiki nimeyasahau. Nina tatizo la kumbukumbu?

Huna. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885: alikuta kwamba sehemu kubwa ya kilichokaririwa hupotea mapema sana, kisha upotevu hupungua kasi. Tiba yake ni kurudia kwa nafasi zinazopanuka: kesho, baada ya siku tatu, baada ya wiki, baada ya nusu mwezi, baada ya mwezi. Kila mara jaribu kulikumbuka neno kabla ya kugeuza kadi, kwa sababu ule ugumu wa kukumbuka ndio unaolikaza. Kusoma orodha mara kumi ukiwa umeitolea macho hukupa hisia ya kujua, na hisia hiyo hukutoroka mlangoni mwa chumba cha mtihani.

Katika miaka ya 1970 Sebastian Leitner alieneza njia ya sanduku lenye vyumba. Chukua boksi la viatu, ligawe vyumba vitano kwa vipande vya katoni. Kadi mpya zote huanzia chumba cha kwanza, ambacho hupitiwa kila siku. Ukipata, kadi inasogea mbele, kwenye chumba kinachopitiwa kwa nadra zaidi; ukikosa, inarudi mwanzo bila huruma, hata kama ilikuwa imefika chumba cha tano. Programu ya Anki hufanya kazi hiyohiyo, ni ya bure kwenye kompyuta na simu za Android, na kadi zikishaingia inafanya kazi bila bando. Maneno 10 mapya kwa siku yanatosha. 50 ni ahadi ambayo marudio yake yatakulemea kabla ya mwezi kwisha.

8. Je, mizizi ya Kilatini na Kigiriki inasaidia?

Inasaidia sana, na msemaji wa Kiswahili ana faida hapa kwa sababu lugha yake yenyewe hujenga maneno kwa mzizi na viambishi. Anayeona -sem- ndani ya sema, msemaji, msemo na usemi hatashangaa kuambiwa kwamba sehemu ya Kilatini *loqu*, yenye maana hiyohiyo ya kusema, imo ndani ya *eloquent*, *loquacious* na *colloquial*. Vivyo hivyo *bene* ni wema na *mal* ni ubaya, ndiyo maana *benevolent* ni mwenye kutakia heri na *malevolent* ni mwenye kutakia shari.

Hata hivyo, mzizi ni dokezo tu, na watunzi wa mitihani wanajua wanaoutegemea mno. *Enervate* linasikika kama kutia nguvu, kumbe ni kudhoofisha. *Noisome* halihusu kelele bali uvundo. *Restive* si mtulivu bali asiyetulia. *Invaluable* ni kitu chenye thamani kubwa mno, na *inflammable* ni kinachoshika moto kwa urahisi, sawa kabisa na *flammable*. Maneno ya namna hii yatengewe kadi zake zenye alama nyekundu.

9. Nitumie kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili au ya Kiingereza kwa Kiingereza?

Zote mbili, kwa kazi tofauti. Ya Kiswahili hukupa maana haraka na hukuzuia usielewe kinyume. Ya Kiingereza kwa Kiingereza, hasa iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza, hukuonyesha jirani za neno na mazingira yake, mambo ambayo tafsiri ya neno moja haiwezi kuyabeba. Kamusi ya visawe ifunguliwe mwisho, na kila neno linalopatikana humo lihakikiwe kwanza kabla ya kuandikwa kwenye insha.

## Mitego ya msemaji wa Kiswahili

10. Ni maneno gani hutuponza zaidi?

Ni yale ambayo Kiswahili kina neno moja na Kiingereza kina mawili. Mkono ni *hand* na *arm*. Mguu ni *foot* na *leg*. Kivuli cha mwembe ni *shade*, lakini kivuli cha mtu ukutani ni *shadow*. Tunasikia sauti, harufu, baridi na njaa kwa kitenzi kimoja, ilhali *hear* ni la sauti peke yake. Kuazima ni *borrow* kwa anayepokea na *lend* kwa anayetoa, na ndiyo asili ya kosa la *borrow me your pen*.

Mara nyingine Kiswahili ndicho chenye maneno mawili, na hapo pia tunateleza. Kuoa na kuolewa huwa *marry* tu kwa pande zote mbili. Anayetafsiri kuolewa na Juma kuwa *she was married by Juma* anaweza kueleweka kwamba Juma ndiye aliyeifungisha ndoa.

Wakati mwingine viambishi vyetu vinakusaidia. Kukumbuka na kukumbusha vinalingana vizuri na *remember* na *remind*. Kuiba kunahitaji kitu na kuibia kunahitaji mtu. *Steal* na *rob* yako karibu na mgawanyo huohuo, kwani huiba simu, *steal a phone*, bali huibia benki, *rob a bank*.

## Ndani ya chumba cha mtihani

11. Katika swali la GRE la kuchagua maneno mawili, kwa nini nachagua visawe halisi na bado nakosa?

Kwa sababu kuwa visawe hakutoshi. Lazima yaiingie sentensi. Tazama mfano huu: *Although the minister was known for her ____ replies, that evening she spoke for an hour without pause.* Machaguo ni *terse*, *garrulous*, *candid*, *laconic*, *verbose* na *evasive*. Mwenye haraka huona *garrulous* na *verbose*, anajua kwamba yote mawili ni ya usemaji mwingi, anasoma habari ya kuongea saa nzima, na kuyachagua. Ameliruka *although*. Neno hilo linaonyesha kwamba jioni ile ilikuwa kinyume cha mazoea, kwa hiyo waziri alijulikana kwa majibu mafupi: *terse* na *laconic*.

Namna salama ni kutotazama machaguo kwanza. Soma sentensi, tafuta kiungo kama *although*, *because* au *far from*, kisha jaza nafasi kwa neno lako mwenyewe, hata kama ni la Kiswahili. Ukisema moyoni "mafupi", majibu mawili yatajitokeza yenyewe.

12. Nifanye nini nikikutana na neno nisilolijua kabisa?

Jibu kitu, kwa kuwa GRE, SAT na IELTS hazikati alama kwa jibu lisilo sahihi. Kabla ya kubahatisha, amua kutokana na sentensi iwapo nafasi inadai neno la sifa au la lawama, kisha ondoa yanayokwenda upande mwingine. Mzizi wa neno uwe shahidi wa pili, kwa tahadhari zilizotajwa katika swali la 8.

13. Je, maneno makubwa yanaongeza alama katika insha ya IELTS?

Msamiati ni kigezo kimoja kati ya vinne vyenye uzito sawa katika kuandika na katika kuzungumza, lakini kinachopimwa ni upana pamoja na usahihi. Mtahiniwa aliyeandika *children* mara mbili na kuogopa kurudia, akaendelea na *infants* na *juveniles*, amejiharibia: la kwanza ni watoto wachanga, na la pili lina harufu ya mahakama na polisi. Kurudia *children* mara ya tatu kungekuwa bora zaidi. Neno linalofaa kwenye insha ni lile ambalo unaweza kulitungia sentensi tatu tofauti bila kusita.

14. Tahajia ya Uingereza au ya Marekani?

IELTS inakubali zote mbili. Shika moja tu katika insha nzima. Jambo la kuogopwa zaidi ni kukosea herufi katika kusikiliza na kusoma, kwani huko jibu sahihi lililoandikwa vibaya halipati alama.

## Yasiyo ya kawaida

15. Kwa nini neno rahisi kama *check* au *want* linanishinda mtihanini?

Kwa sababu mtunzi anatumia maana yake ya pili. *Check* laweza kuwa kuzuia, *flag* kuchoka na kulegea, *qualify* kuliwekea wazo mipaka, *grave* zito, na *want* ukosefu. Dalili ni kwamba maana uliyoizoea inaifanya sentensi iwe ya ajabu. Ukiona hivyo, usilazimishe; uliza kama neno hilo limebadilisha aina, kwa mfano kitenzi kuwa nomino. Kila ukiangalia kamusi, soma maana zote mpaka chini.

16. Je, neno moja linaweza kuwa kinyume chake lenyewe?

Ndiyo, na mitihani migumu huyapenda maneno hayo. *Sanction* ni kuidhinisha na pia ni kuwekea adhabu. *Oversight* ni usimamizi na pia ni jambo lililopitiwa bila kuonekana. *Cleave* ni kupasua na pia ni kushikamana. Maana huamuliwa na muktadha peke yake. Kuazima kwetu, lililotajwa katika swali la 10, ni ndugu wa maneno hayo: mtu akisema kwamba ameazima jembe, tunangoja kusikia limetoka nyumbani kwake au limeingia.